Seti ya Mwisho ya Mabomba Manene

Ile seti ya mabomba ililala chini ya kitanda cha baba miaka na miaka, imeviringishwa karatasi yenye grisi na kufungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, na hapakuwa na aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa yeye na binti yake. Binti mwenyewe hakuwa msichana tena, mvi zilishaanza kuchungulia kwenye paji la uso, lakini katika karakana ile alikuwa binti na angezikwa akiwa binti. Wateja walimwita Binti Fundi. Fundi alikuwa baba yake.

Mtu asiyejua baiskeli atasema ni mabomba tu. Haya, na asikilize. Zamani fremu zote za mashindano zilikuwa za chuma cha pua, mabomba membamba, mviringo, mwisho wa habari. Unaunga, unapaka rangi, mtu anapanda, anakwenda zake. Kisha wakaja watu wa alumini. Alumini ni nyepesi lakini ni laini, kwa hiyo ili isipinde wakainenepesha, mabomba yakawa manene kama mkono wa mpiga kasia, na binadamu walivyo, wakaona unene ndio maendeleo. Mtu akiingia dukani akiona fremu nyembamba, anacheka. Watu wa chuma nao badala ya kunyamaza waendelee na kazi yao, roho zikawauma, wakanenepesha ya kwao. Ila chuma ni kizito jamani! Ukikinenepesha lazima ukwangue kuta zake mpaka ziwe nyembamba kama kopo la maziwa, na kopo kila mtu analijua, ukiligusa vibaya linabonyea. Ndipo walipopata akili, na hapo tuwape haki yao: wakayaminya. Bomba moja, umbo zaidi ya moja. Lile bomba la chini, linalotoka kwenye shingo ya usukani kwenda kwenye pedeli, kule juu likaminywa likasimama kama yai, lipokee kishindo cha barabara. Kule chini likalazwa ubavu, lisipinde mtu anapokanyaga kwa hasira. Huwezi kuligeuza. Huwezi kusema nitachukua la huku niliweke kule. Kila bomba lina juu yake na chini yake, mbele yake na nyuma yake, na anayeunga bila kujua hayo anapoteza muda wake na mabomba ya watu.

Yakatamba miaka michache. Walioyapanda walisema ukikanyaga, baiskeli inaitika hapo hapo, haina cha kusubiri; ila mgongo utajijua wenyewe, maana ule ugumu si mchezo. Halafu kaboni ikaja ikawazika wote, alumini na chuma, na kiwanda kikaacha kuyatengeneza. Baba aliipata seti moja kwa muuza vipuri aliyekuwa anafunga duka. Aliileta nyumbani ameipakata, akamwita binti yake peke yake, akaifungua juu ya kitanda.

"Hii ni yako," alimwambia. "Siku nitakapoona unaunga bila mimi kusimama nyuma yako, utaitoa hapa uiunge. Na chini, pale pedeli zinapofungwa, utagonga muhuri wako, si wangu."

Siku hiyo ilifika, tena ilifika kitambo, na baba akajifanya hajaiona. Macho yake yalipata ukungu. Alikataa hospitali, akakataa miwani, akakataa kulisemea. Siku moja alimkabidhi binti tochi ya gesi ya kuungia kana kwamba anakwenda kunywa maji, na tangu siku hiyo hakuishika tena. Fremu zote zilizotoka katika karakana ile zilipita mkononi mwa binti: yeye aliyekata, yeye aliyeunga kwa shaba, yeye aliyepiga tupa na msasa mpaka kiungo kikawa laini, hujui bomba moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Mwishoni baba alikuja na nyundo akagonga muhuri wake. Mteja akifika, utamkuta mzee amevaa aproni, mikono nyuma, kifua mbele.

"Hii nimeiunga kwa mkono wangu huu," anasema. "Binti, lete chai."

Na binti analeta chai. Thubutu aseme neno! Alijiambia kwamba kazi ndiyo pumzi ya mzee, ukimnyima unamuua. Alijiambia pia kwamba seti ipo, na siku atakapoiunga ile, hakuna atakayeuliza kazi ni ya nani, kwa sababu muhuri utasema. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani. Hakutaka mali wala karakana. Alitaka fremu moja ya kujulikana kwamba ni yake. Akiuliza, baba humjibu, "Tulia, mama, bado." Alimwita mama pale tu alipokuwa anataka kitu au anataka kumnyima kitu.

Basi akaja mdogo wake. Huyu ndiye mtoto wa kiume, wa mwisho, wenyewe walimwita Mshale kwa vile alivyokuwa anachomoka kwenye mashindano ujanani. Alikuwa akiendeshea timu, analishwa na kuvishwa, baiskeli ya kaboni ya timu, magurudumu ya timu, hata soksi za timu. Karakana alikuwa akipita kupiga picha na baba tu. Sasa umri umesogea, timu imeleta vijana, na Mshale unga umemwagika. Walimnyang'anya baiskeli kabla hata hajavua viatu. Akaingia karakana asubuhi moja, uso umemshuka, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Baba, nataka niendeshe mara moja zaidi," alisema. "Niwaonyeshe. Sina baiskeli."

Baba aliingia ndani, binti akamsikia anapiga magoti, anaburuza kitu sakafuni. Moyo wake ulishajua kabla ya macho. Mzee alitoka na lile furushi la karatasi ya grisi, akalilaza mapajani mwa mwanawe wa kiume.

"Baba," binti alisema, "hiyo si ni yangu?"

"Yako ni ya nyumba hii, na huyu ni wa nyumba hii."

"Uliniahidi."

"Niliahidi, sikufa. Aliye hai hubadili mawazo."

"Basi nimuungie mimi. Muhuri wangu. Yeye apande, mimi niunge, kila mtu apate chake."

Mshale alishatabasamu, aliliona hilo ni jambo dogo, lakini baba aligonga meza. "Hii nitaiunga mimi mwenyewe! Mwanangu hawezi kupanda mbele ya watu fremu ya kubahatisha."

Kubahatisha! Miaka yote ile ilikuwa ya kubahatisha! Binti alikwenda uani akasimama mbele ya bomba la maji bila kulifungua. Alikuwa na hasira iliyomfanya asikie masikio yake yanavuma. Angekuwa mtu wa kupiga mayowe angepiga.

Siku ya kukata, baba aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa shati safi chini ya aproni. Kabla binti hajatia mguu ndani alimnyooshea kidole. "Leo sitaki mdomo wako. Simama pale, shika unachoambiwa ushike."

Hapa pana jambo la kujua, vinginevyo kilichotokea hakitaeleweka. Ukuta wa bomba la aina hii haulingani kote. Ncha zake zimeachwa nene, maana ndiko moto wa kuungia unakopita na ndiko nguvu ya miguu inakogota. Katikati ndiko kulikokwanguliwa. Na ncha hizo hazifanani: moja ina sehemu nene iliyo ndefu, nyingine ina sehemu nene fupi kama upana wa dole gumba. Ukitaka kupunguza urefu, unakata kwenye ndefu. Ukikata fupi, umekwisha, utaunga juu ya ngozi ya kopo. Yale mabomba membamba ya zamani yalikatwa upande wa pedeli, na baba alikata hivyo maisha yake yote. Haya ya kuminywa yanakatwa upande wa shingo. Binti aliyajua hayo kwa sababu baba ndiye aliyemfundisha.

Baba alilibana bomba la chini kwenye jiliwa, katikati ya vibao viwili vya mbao, taratibu, vizuri kabisa. Alipima kwa shubiri na kwa rula. Kisha mkono ukafanya ulivyozoea. Ulichukua msumeno ukaenda upande wa pedeli.

Binti aliona. Aliona vizuri, msumeno haujagusa chuma bado, na kulikuwa na nafasi ya kusema. Hakusema. Akasema moyoni, si umekataza mdomo? Si wewe ndiye Fundi? Kata basi. Na ndani ya uchungu ule alionja kautamu fulani, kadogo, kabaya, akakaacha kakae ulimini. Msumeno ukaanza kulia. Ulipofika nusu ndipo moyo ukamruka.

"Baba! Ngoja, upande—"

"Nimesema nini asubuhi?"

Kipande kikaanguka sakafuni. Binti alikiokota. Kilikuwa kinene mwanzo mpaka mwisho, sehemu nene yote imeondoka nacho, na mdomo wa bomba lililobaki kwenye jiliwa ulikuwa mwembamba wa kukata kidole. Alimfungua baba kiganja akakitia kile kipande humo, akachukua dole gumba la mkono wake wa pili akaligusisha kwenye mdomo wa bomba.

Mzee alipapasa huku, akapapasa kule. Macho hayakuona lakini vidole havikuwa na ukungu. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nitajaza shaba," alisema mwishowe.

"Shaba inaunga, Baba. Haijengi ukuta."

"Utanifundisha mimi?"

"Si wewe uliyenifundisha!" Binti aliuondoa msumeno mezani. "Tumwambie ukweli. Tumuungie kwa mabomba ya kawaida, yapo, nitakesha nayo. Atapata fremu nzuri."

"Nimwambie mwanangu kwamba nimekuwa kipofu?" Sauti ya baba ilishuka. "Mama, niachie. Moja tu. Baada ya hii sigusi tena."

Binti alimwonea huruma, hilo lisemwe. Lakini huruma haikumzuia kuvua glavu na kuziweka mezani. "Mimi siigusi hii," alisema, na hakuigusa. Mzee aliunga mwenyewe, pua imekaribia moto kiasi cha kuunguza nyusi, shaba ikimwagika ikiganda mabonge mabonge. Alipiga tupa siku nzima. Akaituma kwa mpaka rangi, na mpaka rangi akafanya kazi yake, nyekundu ya kung'aa, madoa yote yakafunikwa. Fremu ilitoka ikipendeza, tumbo la bomba la chini limenona, umbo linateleza kutoka kusimama hadi kulala, wapita njia wakasimama kuitazama. Chini ya pedeli baba aligonga muhuri wake.

Binti alimfuata mdogo wake nyumbani kwake, akamkuta sebuleni anazungushia usukani utepe.

"Usiipande hiyo," alimwambia. "Bomba la chini limekatwa upande usio wake. Pale kwenye pedeli hamna ukuta."

Mshale hakuinua kichwa. "Baba aliniambia utakuja. Alisema seti ilikuwa yako, kwa hiyo una kijiba cha roho."

"Ilikuwa yangu kweli. Kijiba ninacho kweli. Na bomba limekatwa vibaya kweli. Yote matatu ni kweli, mdogo wangu."

"Ulikuwepo anapokata?"

"Nilikuwepo."

"Mbona hukumzuia?"

Binti alipiga magoti akapiga kucha kwenye bomba, juu karibu na shingo, kisha chini karibu na pedeli. Juu sauti ilikuwa nzito, chini ilikuwa kali, tupu. "Sikia tofauti," alisema.

"Nasikia chuma," Mshale alisema. "Dada, nenda nyumbani."

Chuma cha pua si kama kaboni, hakifi kimya kimya. Kinalalamika kwanza. Wiki za mazoezi fremu ile ilikuwa inalia kii, kii, kila anapokanyaga kwa nguvu, na Mshale akadhani ni pedeli, akaitia grisi. Siku ya mashindano alikwenda vizuri, wote walikiri. Mwishoni aliposimama juu ya pedeli ili achomoke kama enzi zake, bomba la chini likaachana na kiungo. Usukani ukaenda huku, magurudumu yakaenda kule, na Mshale akatua barabarani kwa bega na kwa uso. Mtulinga ukavunjika vipande, meno ya mbele yakabaki lamini.

Waendeshaji wenzake ndio walioleta fremu karakana kesho yake, wakiongozwa na kocha wao, mtu wa makamo aliyenunua fremu tatu pale na kuwaletea wengine wengi. Walikuja na baiskeli zao, zile zilizotoka mle mle. Kocha aliiweka ile nyekundu mezani, ikiwa imefunua mdomo.

"Fundi," alisema kwa adabu, "tumezoea kazi yako. Hii imekuwaje?"

Binti alikuwa mlango wa nyuma, ameshika birika. Aliona baba anapapasa ule mpasuko kwa vidole, polepole, kisha anafuta vidole kwenye aproni.

"Hii si kazi yangu," mzee alisema. "Niwaambie ukweli leo, maana mmeshaniheshimu vya kutosha. Mimi macho yangu hayaoni siku nyingi. Fremu zote hizi mnazopanda, miaka yote hii, ni kazi ya binti yangu. Yule pale. Mimi nilikuwa nagonga muhuri tu."

Wote waligeuka wakamtazama. Miaka yote alikuwa akiungoja wakati ule, watu wageuke hivyo, wamtazame hivyo, na sasa wamegeuka, na hakuna uso hata mmoja uliomfurahia.

"Hii sikuiunga mimi," alisema. "Zenu zote ni zangu, hii pekee ni yake. Itazameni shaba yake ilivyomwagika, halafu mtazame za kwenu! Mna macho!"

Kocha alishusha sauti, kama mtu anayesema na mgonjwa. "Binti, usimwaibishe mzee. Amekuficha miaka yote, sasa amekusema, unamgeuka."

"Wala sija—"

"Basi, dada. Basi."

Walianza kuinamia baiskeli zao wenyewe. Walipapasa viungo, viungo vyake, laini, salama, vilivyowabeba juu ya mabonde na changarawe bila kuwaangusha hata siku moja, wakavikunjia nyuso kana kwamba vina ukoma. Mmoja aliuliza nani anaweza kumkagulia fremu yake mtaa mwingine. Hawakunywa chai.

Binti alikwenda hospitali. Mshale alikuwa amelala chali, bega limefungwa, midomo imevimba. Alipomwona dada yake alitazama ukutani.

"Unajua ukweli," binti alimwambia.

"Najua." Ilisikika vibaya kwa sababu ya meno.

"Utawaambia?"

"Wakijua ni yeye, watasema amemvunja mwanawe kwa majivuno. Atakufa kwa aibu, dada. Wewe bado una nguvu, utaunga nyingine."

"Nani ataziagiza?"

Mshale alifumba macho. "Baba akishazikwa, nitawaambia wote. Naapa." Kisha akamwomba amsogezee mto, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kujisogezea, akamsogezea.

Aliporudi karakana jioni, mteja wa mwisho aliyekuwa ameweka oda alishapita akachukua mabomba yake hata kabla hayajakatwa. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda cha wateja, bila aproni, na alionekana mdogo kuliko siku zote. Alitambua hatua zake.

"Wewe?"

Binti alianza kufunga mitungi ya gesi, mmoja baada ya mwingine, akihakikisha koki kwa mkono.

"Unanuna," baba alisema. "Nimesimama mbele ya wote, nimejivua nguo, nimewaambia kazi yote ni yako tangu mwanzo. Na ni kweli, sikuongopa hapo." Aligeuza uso upande aliodhani binti yupo. "Mama, si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Binti alisimama na spana mkononi; ndicho hasa alichokuwa anakitaka.